Ukiambiwa Hakuna Mtumishi: Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu katika Bonde la Kilombero

Mzazi anayempeleka mtoto wake mwenye ulemavu kuandikishwa shule, iwe Ifakara mjini, Mang'ula, Mngeta au Mlimba, huenda akapewa jibu fupi: "Hatuna mwalimu wa elimu maalumu." Jirani anayekwenda kutoa taarifa kwamba kuna mtoto anafungiwa ndani mchana kutwa naye huenda akaambiwa kuwa afisa ustawi wa jamii yuko mahakamani, au yuko safarini, au kwamba kata hiyo haina afisa. Mara nyingi majibu haya ni ya kweli, na anayeyatoa hana nia mbaya. Hata hivyo, jibu la kweli si lazima liwe jibu la mwisho. Makala haya yanaeleza sheria inadai nini, uhaba wa watumishi unatoka wapi, na mzazi au mlezi afanye nini ili uhaba huo usiwe sababu ya kumnyima mtoto haki yake.

Katika kijitabu hiki tunamwita mzazi "mtumiaji wa huduma" kwa makusudi. Wengi wetu tumezoea kuiona shule ya umma au ofisi ya ustawi wa jamii kama mahali pa kuombea hisani. Huduma hizi zimelipiwa. Zimelipiwa kwa kodi ya kila siku dukani na kwa ushuru wa mazao unaotozwa kwenye mpunga wa bonde hili. Anayeingia ofisini kuzifuata anafuata kilicho chake.

Sheria inadai nini

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na inaipa halmashauri, kupitia afisa ustawi wa jamii, wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto waliomo katika eneo lake. Sheria hiyo hiyo inakataza kumdhalilisha mtoto mwenye ulemavu, na inamtaka kila mwanajamii anayeona haki za mtoto zikivunjwa atoe taarifa kwa halmashauri. Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Hii inataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano ya aina maalumu, na apatiwe msaada wa mwalimu aliyefuzu au aliyepangiwa kazi hiyo. Tazama maneno hayo ya mwisho: au aliyepangiwa kazi hiyo. Tutayarudia.

Sheria hizi hazidai miujiza, na zinatambua kwamba uwezo wa halmashauri una mipaka. Lakini kuchelewa kwa huduma kwa sababu ya uhaba ni jambo moja, na kumkatalia mtoto uandikishaji ni jambo jingine kabisa. Mwalimu mkuu anaweza kukuambia kwa haki kwamba shule haina mtaalamu wa nukta nundu. Hana mamlaka ya kukuambia umrudishe mtoto nyumbani ukae naye.

Uhaba unatoka wapi

Halmashauri haiajiri walimu na maafisa ustawi kwa uamuzi wake peke yake. Kila mwaka hupeleka maombi yake ya watumishi, yaani ikama, kisha husubiri kibali na mgawo wa Serikali Kuu. Idadi inayoombwa hupunguzwa kulingana na fedha zilizopo, na wanaopangwa hawafiki wote. Wapo wanaoripoti Ifakara, wakakaa muda mfupi, wakaomba uhamisho kumfuata mwenzi au kusogea mjini. Mwalimu anayepangiwa kijiji kilicho kando ya mto, ambako masika barabara hugeuka tope na bodaboda ikatoza nauli mara mbili, ana sababu zaidi za kuhama kuliko aliyepangiwa Morogoro mjini.

Kwa upande wa elimu maalumu kuna ugumu wa ziada. Walimu wa fani hii wamekuwa wakiandaliwa katika vyuo vichache, na kinachojulikana zaidi ni Chuo cha Ualimu Patandi kilichoko mkoani Arusha. Elimu maalumu yenyewe ilianza hapa nchini kwa shule chache za madhehebu ya dini zilizotawanyika: ya wasioona Buigiri mwaka 1950, ya viziwi Tabora mwaka 1963. Mpaka leo familia nyingi huambiwa zimpeleke mtoto bweni katika wilaya au mkoa mwingine, na mzazi hulazimika kuchagua kati ya mtoto wa miaka saba kulala mbali na nyumbani na mtoto huyo kutosoma kabisa. Tena hutokea kwamba mwalimu aliyesomea elimu maalumu akifika shuleni hupewa darasa la kawaida lenye watoto wengi, kwa kuwa shule inao upungufu huko pia. Kwenye orodha ya halmashauri mwalimu huyo anaonekana yupo, lakini mtoto aliyekusudiwa hamwoni.

Afisa ustawi wa jamii naye amebebeshwa mzigo ambao wananchi wengi hawauoni. Sheria inataka awepo katika vikao vya Mahakama ya Watoto. Yeye ndiye anayeandika taarifa za uchunguzi wa kijamii pale mahakama inapoamua mtoto akae na nani, anayesuluhisha ugomvi wa matunzo, anayekagua vituo vya kulelea watoto, anayeitwa hospitalini panapotokea mtoto aliyetelekezwa, na anayehudumia wazee na wasiojiweza. Siku anayokaa mahakamani, meza yake ofisini ni tupu. Bonde lenyewe ni pana. Hadi daraja la mto Kilombero lilipokamilika, safari ya kwenda Ulanga ilitegemea kivuko. Daraja limeondoa kivuko, ila halijaondoa umbali wa vijiji vya ndani.

Mwezi wa Machi

Kuna jambo moja ambalo wazazi wachache wanalifahamu, nasi tunaliona kuwa zito kuliko mengine yote yaliyomo humu. Takwimu za shule hukusanywa kila mwaka mwezi wa Machi. Shule hujaza idadi ya wanafunzi wake, wakiwemo wenye ulemavu kwa aina zao: wasioona na wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa viungo, wa akili, wenye usonji na wengineo. Takwimu hizo ndizo zinazotumika kuombea walimu, vifaa na fedha. Mtoto asiyeandikishwa hamo. Aliyeandikishwa bila hali yake kutajwa yumo kama mtoto asiye na hitaji lolote. Shule inayoonyesha haina mwanafunzi mwenye ulemavu haiwezi kudai mwalimu wa elimu maalumu, na mzazi anayefika baadaye huambiwa mwalimu hayupo kwa kuwa hawakuwapo watoto. Hivyo uhaba hujizaa wenyewe.

Na Machi katika bonde la Kilombero ni mwezi wa namna gani? Ni masika. Mpunga uko shambani, palizi inaendelea, ndege wanasubiri, na familia nyingi zimehamia kwenye madungu ya mashambani mbali na kijiji. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au mwenye kifafa ambaye mama hathubutu kumwacha nyumbani, huhamishwa pamoja na wenzake. Kwa hiyo yule anayehitaji zaidi kuhesabiwa ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kutokuwapo shuleni siku ya kuhesabiwa.

Tunamshauri mzazi amwandikishe mtoto kabla ya muhula wa Januari kuanza, ataje hali yake waziwazi, na kabla ya kwenda shambani amwulize mwalimu mkuu: "Mwanangu ameandikwa kwenye takwimu kama mwenye mahitaji maalumu?" Si swali la utovu wa adabu. Vilevile aende kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kwa sababu Sheria ya 2010 inazitaka serikali za vijiji na mitaa ziwatambue na kuwaandikisha watu wenye ulemavu walio katika maeneo yao. Wapo wazazi wanaoficha kwa kuogopa maneno ya watu, na hofu hiyo tunaielewa. Gharama yake, hata hivyo, humwangukia mtoto.

Si kila hitaji linamsubiri mtaalamu

Hapa ndipo maneno "aliyepangiwa kazi hiyo" yanapopata uzito. Kumfundisha kiziwi Lugha ya Alama, au asiyeona nukta nundu, kunahitaji mtu aliyesomea, na hakuna njia ya mkato. Lakini mahitaji ya watoto wengi ni madogo kuliko hayo, na mwalimu wa kawaida aliyeelezwa vizuri anaweza kuyatimiza kesho asubuhi.

Tuchukue kifafa, kwa kuwa ni jambo la huku kwetu. Milimani Mahenge, juu ya bonde hili, kifafa kimesumbua familia kwa vizazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alikuwa akiendesha kliniki ya kifafa huko, naye alieleza juu ya watoto waliokuwa wakitikisa kichwa bila hiari. Watafiti waliofuata wameihusisha hali hiyo na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Huku chini bondeni, malaria kali inayofika kwenye ubongo nayo huwaachia baadhi ya watoto kifafa, usikivu hafifu au ugumu wa kujifunza. Watoto hao huachishwa shule, na sababu inayotolewa ni ile ile ya kukosekana kwa mwalimu maalumu, ilhali sababu halisi ni woga wa povu na wa kuanguka.

Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa povu wala kwa kukaa dawati moja. Mtoto anayetumia dawa zake kila siku bila kuruka anaweza kusoma kama wenzake. Anachohitaji kwa mwalimu ni mambo machache. Akianguka, aondolewe vitu vigumu vilivyo karibu naye na alazwe kiubavu. Asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na asishikwe kwa nguvu. Mwalimu atazame saa, na degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla mtoto hajazinduka, apelekwe kituo cha afya mara moja. Baada ya hapo aachwe apumzike, kisha arudi darasani. Mwalimu yeyote anaweza kujifunza haya kwa nusu saa kutoka kwa mhudumu wa zahanati. Mzazi amwombe mhudumu huyo afike shuleni, au aandike maelezo kwenye daftari la kliniki, naye ayapeleke.

Ndivyo ilivyo kwa mtoto mwenye uoni hafifu, ambaye pengine anachohitaji ni kukaa mbele, kuandikiwa kwa herufi kubwa na kusomewa ubaoni. Anayetembelea baiskeli ya magurudumu anahitaji darasa lisilo na ngazi na choo anachoweza kuingia. Shule ya msingi hupata ruzuku ya Sh. 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu tu ya hizo ndiyo hufika shuleni, kwa hiyo tusitarajie makubwa. Lakini kubadilisha chumba cha darasa la mtoto huyo hakuna gharama yoyote. Katika mitihani ya Taifa, watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Ili mtoto ayapate hayo, ni lazima shule iwe imetaja hali yake wakati wa kumsajili kwa mtihani, na mzazi ana haki ya kuuliza kama hilo limefanyika.

Omba kwa maandishi

Ombi la mdomo halina tarehe, na mtumishi uliyezungumza naye akihama linahama naye. Andika barua, hata ya mistari mitano kwa mkono:

"Mimi ni mzazi wa (jina la mtoto), mwenye umri wa miaka (…), anayeishi kijiji cha (…). Mtoto huyu ana (hali yake). Tarehe (…) nilifika shuleni kumwandikisha nikaelezwa kuwa (jibu ulilopewa). Naomba aandikishwe, naomba apimwe mahitaji yake ya kujifunza, na naomba nijulishwe kwa maandishi ni msaada gani atapatiwa na kuanzia lini."

Peleka nakala mbili. Moja iache ofisini, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uitunze. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtendaji au na mtu anayemwamini. Barua ya kwanza iende kwa mwalimu mkuu. Usipojibiwa, nenda kwa afisa elimu kata, kisha kwa idara ya elimu ya awali na msingi ya halmashauri, umwulizie afisa anayeshughulikia elimu maalumu, na baada ya hapo kwa mkurugenzi. Wathibiti ubora wa shule nao hupokea malalamiko ya namna hii, na kwa kuwa wako chini ya Wizara ya Elimu, hawaamriwi na mkurugenzi wa halmashauri. Kilichoshindikana kote huko kinaweza kupelekwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Angalia pia unagonga mlango upi. Wilaya ya Kilombero ina halmashauri mbili, ya Mji wa Ifakara na ya Wilaya ya Mlimba. Mzazi wa Mngeta anahudumiwa na Mlimba, hata kama hospitali na soko lake viko Ifakara. Wapo wanaopoteza nauli ya siku nzima kwa kosa hili.

Huduma ya afisa ustawi wa jamii hailipiwi. Ukiambiwa utoe fedha ya mafuta ya pikipiki ili afisa afike nyumbani, au "ya karatasi" ili taarifa iandikwe, omba namba ya malipo ya Serikali na stakabadhi. Isipotolewa, usilipe. Taarifa za rushwa hupokelewa na TAKUKURU kwa simu namba 113. Ni kweli kwamba ofisi nyingine hazina mafuta, lakini jawabu la hilo haliwezi kuwa mfuko wa mama aliyekuja kulalamika kwamba watoto wake hawapati matunzo.

Vituo vya watu binafsi

Penye upungufu wa huduma za umma hujitokeza watu binafsi na taasisi za dini. Wengi wao hufanya kazi njema, na wapo waliobeba watoto ambao hakuna mwingine aliyewataka. Hata hivyo, makao ya watoto hayaruhusiwi kuendeshwa bila leseni, na kituo cha kulelea watoto wadogo mchana hakiruhusiwi kuendeshwa bila usajili. Kabla ya kumwacha mtoto, omba kuiona leseni au cheti, na usome jina na tarehe. Uliza nani analala na watoto usiku, ni wangapi, na wamesomea nini. Mmiliki mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Jihadhari na kituo kinachokuja kijijini kukusanya watoto wenye ulemavu kwa ahadi ya shule na wafadhili bila kuambatana na afisa ustawi wa jamii. Mtoto hapelekwi kwenye makao kwa makubaliano ya mdomo kati ya mzazi na mgeni, na umaskini peke yake si sababu ya kumtenga na familia yake.

Pakiwa na hatari

Yote tuliyoeleza kuhusu barua na mihuri yanahusu mambo yanayoweza kusubiri. Mtoto anayepigwa, anayebakwa, anayefungwa kamba au anayenyimwa chakula hasubiri, na ukosefu wa afisa ustawi katika kata si sababu ya kunyamaza. Piga simu namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mtendaji wa kata na afisa maendeleo ya jamii nao wanaweza kupokea taarifa, na vijiji na mitaa mingi ina kamati za ulinzi wa wanawake na watoto. Kwa aliyebakwa, mpeleke hospitalini mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, ili dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI zifanye kazi. Usimwogeshe wala usifue nguo alizovaa kabla ya kuonwa na daktari. Ukitoa taarifa, taja kijiji, kitongoji, na alama inayoonekana karibu na nyumba. Familia ikiwa imehamia shambani, taja shamba liko upande gani wa mto na njia ya kufika huko.